Mkeka Juu ya Shimo

Wapwa zangu, leo nina swali mkononi. Si langu. Nimepewa na mpwa wangu mmoja hapa Kamina, wa darasa la nne, mtoto ambaye akitaka kuuliza jambo huinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza mvua.

Ilikuwa siku ya proklamasio, siku ya kusomwa matokeo ya shule. Mnaijua siku hiyo. Wazazi wamejaa uwanjani, mkuu wa shule ameshika karatasi, kila mtoto anatega sikio jina lake litajwe. Jina la kwanza likasomwa. Lilikuwa la rafiki yake, yule anayekaa naye benchi moja, yule anayempitia kila asubuhi waende shule pamoja. Jina la pili likawa lake. Wa kwanza, wa pili. Katikati yao pointi mbili tu.

Basi ikaja poda. Watoto wa Kongo hawana haja ya kuelezwa. Lakini wenzenu wa mbali wajue kwamba kwetu aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka kope zinageuka nyeupe. Mama anapiga vigelegele. Mtoto anarudi nyumbani hivyohivyo, mweupe, njia nzima, ili majirani waone. Rafiki yake akamwagiwa poda. Kila mtu akaenda kumpaka. Mpwa wangu akasimama pembeni, mikono mfukoni. Hakumpaka rafiki yake hata chembe.

Jioni akaja kukaa karibu na mbabula yangu, jiko langu la makaa, ambapo nilikuwa nikichoma mihogo. Akakaa kimya. Nikageuza mihogo. Akakaa kimya. Nikapuliza makala. Ndipo akainamisha kichwa.

"Mjomba, rafiki yangu akifaulu, mbona mimi tumbo linaniuma?"

Lo! Niliacha muhogo ukaungua upande mmoja. Kuna watu wamefika umri wangu, wana mvi na fimbo, na hawajathubutu kuuliza hivyo. Nikamwambia, "Lete mkono nikushike. Umeuliza vizuri, mwanangu. Umeuliza vizuri sana. Tumbo linauma wapi?"

Akagusa kifua.

"Hapo pana jina," nikasema. "Panaitwa wivu. Wengine husema kijicho. Barabarani utasikia watu wakisema jaluzi."

"Ni dhambi?"

"Kuumwa na tumbo ni dhambi?"

"Hapana."

"Basi tungoje kwanza, tusikimbilie huko."

Nikamwonyesha sufuria ya maharagi ya jirani yetu, iliyokuwa ikichemka ng'ambo ya ua. Moto upo, maji yapo, lazima ichemke. Ukiifunika na kuweka jiwe juu ya kifuniko, itafura, itamwagika, itazima makala yenyewe. Ukiinua kifuniko kidogo, mvuke unatoka, maharagi yanaiva. "Wewe," nikamwambia, "umeinua kifuniko sasa hivi, mbele yangu. Bado linauma?"

"Linauma. Lakini kidogo."

Kisha nikamuuliza swali langu. "Leo Kinshasa kuna mtoto amekuwa wa kwanza. Na Kisangani yuko mmoja. Na Bukavu. Hao wanakuuma?"

Akacheka. "Siwajui!"

Ndiyo hivyo. Wivu hausafiri mbali. Hauna tiketi ya treni. Unakaa palepale uani, penye watu tunaokula nao. Watu wawili wakitembea njia moja, bega kwa bega, hakuna anayeuona mgongo wa mwenzake. Mmoja akiongeza mwendo, ni nani wa kwanza kuuona mgongo wake? Ni yule yule aliyekuwa begani pake. Wa Kinshasa hauoni mgongo huo. Rafiki ndiye anayeuona, na si kwa sababu rafiki ni mbaya. Ni kwa sababu alikuwa karibu.

Hapo akataka hadithi. Nikampa moja ya hapa kwetu, ya Waluba, inayosimuliwa kuanzia Kamina hadi Kabongo na Malemba-Nkulu. Niliisimulia kwa uangalifu, maana ni hadithi ya mjomba na mpwa wake, na mimi ni mjomba, na yeye ni mpwa.

Zamani wazee wa chama cha Mbudye waliitunza kwa kitu kinachoitwa lukasa. Ni kibao cha mbao, kinatosha mkononi, juu yake shanga na simbi za rangi na ukubwa mbalimbali. Mzee alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akasimulia. Ni kama nyinyi mnavyofuata mstari wa kitabu kwa kidole mkiogopa kupotea. Kila msimulizi alikuwa na njia yake juu ya shanga zile. Hii ni njia yangu.

Palikuwa na mfalme, jina lake Nkongolo Mwamba. Nkongolo kwa Kiluba ni upinde wa mvua. Alikuwa mkali, alikuwa na nguvu. Siku moja akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu mwenye adabu nyingi. Akaoa dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela. Baadaye akarudi kwao. Bulanda akazaa mtoto wa kiume, ndiye Kalala Ilunga. Sasa niambieni, Nkongolo ni nani kwa Kalala?

"Mjomba wake!"

Mjomba wake. Na Kalala akakua. Akikimbia, hakuna wa kumfikia. Akicheza ngoma, wanawake wanaacha bukari, ugali wetu, jikoni waje kutazama. Akienda vitani, anarudi na ushindi. Na ushindi ule alimletea nani? Alimletea mjomba. Nkongolo akafurahi. "Huyu mpwa wangu!" akasema mbele ya watu. Kalala akishinda, nchi ya Nkongolo inapanuka. Kalala akishinda, kifua cha Nkongolo kinapanuka.

"Basi wivu ulitoka wapi?" akauliza mpwa wangu.

Mnaona? Mtoto anayefikiri haachi hadithi ipite bila kuishika shati. Wivu ulitoka mchezoni. Siku moja mjomba na mpwa walikaa kucheza, mchezo ambao wasimulizi wengi huuita masoko. Wawili peke yao, na watu wanatazama. Kalala akashinda. Wakarudia. Kalala akashinda tena. Watu wakacheka, na wengine husema hata mama mzazi wa Nkongolo alicheka.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Vitani Kalala alishinda. Mchezoni Kalala alimshinda. Alishinda, alimshinda. Mmesikia kilichoongezeka? Ni herufi moja, m. Ni ndogo kama punje ya mtama. Lakini Nkongolo aliimeza punje ile, ikaota.

"Mjomba, rafiki yangu ameshinda, au amenishinda?"

Sikutaka kumdanganya. "Yote mawili," nikamwambia. "Ameshinda, kwa sababu alisoma. Amekushinda, kwa pointi mbili. Yote ni kweli, na unaruhusiwa kuumia. Lakini Nkongolo usiku ule alisikia neno moja tu kati ya hayo mawili. Alilisikia mpaka alfajiri."

Hakulala. Na hakumwambia mtu, "Nimeumia." Mfalme mzima, watumishi, wake, wazee wa baraza, na hakupata hata mmoja wa kumwambia, "Mpwa wangu amenishinda, kifua kinaniuma." Angelisema hilo, pengine hadithi ingeishia hapo, na Mbudye wasingekuwa na la kusimulia. Hakusema. Aliagiza shimo lichimbwe. Ndani ya shimo vikasimamishwa vyuma vyenye ncha, vikitazama juu. Na juu ya shimo ukatandikwa mkeka.

Huo mkeka nimeufikiria sana maishani mwangu. Ungekuwa na mdomo, nadhani ungesema hivi:

"Mimi ni mkeka. Nilisukwa kwa kazi njema. Mgeni akija, natandikwa. Mtoto akizaliwa, analazwa juu yangu. Wazee wakitaka kupatana, wanakaa kwangu. Sikuzote mgongo wangu uko juu ya udongo. Lakini usiku ule walinibeba, wakanitandaza, nikahisi upepo wa baridi ukinipuliza kutoka chini. Nikapapasa udongo. Hakuna. Nikapapasa tena. Hakuna. Asubuhi watu wakapita wakinisifu: Tazama mkeka mzuri ambao Nkongolo amemtandikia mpwa wake! Nikatamani kulia. Mkeka haulii."

Mpwa wangu akasogea karibu nami. "Mbona alitandika mkeka mzuri hivyo?"

Kwa sababu shimo wazi halimwangushi mtu. Kila mtu analizunguka. Wivu uliofichwa nao hauji na uso wa wivu. Unakuja na hongera kubwa kupita kiasi. Mdomoni, "Hongera, hongera sana!" Halafu nyuma ya darasa, kwa sauti ndogo: "Mwalimu anampendelea." "Mama yake anajuana na mwalimu." "Alichungulia daftari langu." Hayo maneno madogo ni majembe. Mtu anachimba kidogo leo, kidogo kesho, na juu ya mkeka anaendelea kucheka na rafiki yake.

Mpwa wangu akatazama chini. Akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mimi nilisema mwalimu anampenda."

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, "Umechimba kina gani? Cha kijiko?"

Akafikiri. "Cha sahani."

"Cha sahani kinafukiwa upesi," nikasema. "Tuendelee."

Siku ya ngoma ikafika. Nkongolo akamwita Kalala aje acheze mbele ya watu wote. Ua umejaa. Mkeka umetandikwa katikati. Na yuko mpiga ngoma. Mpiga ngoma wa nani? Wa Nkongolo. Alikula bukari ya Nkongolo, alilala katika ua wa Nkongolo. Na alijua kilichokuwa chini ya mkeka.

Kwa Waluba, kama kwa jirani zao wengi, ngoma inasema. Haitoi tu mapigo ya kuchezea. Hubeba maneno, na mwenye sikio huyasikia. Kalala alianza kucheza, anakaribia mkeka, anarudi nyuma, anakaribia tena. Mpiga ngoma akabadilisha mapigo. Watu wengine walisikia ngoma tu. Kalala akasikia neno: usikanyage. Akacheza na mkuki wake mkononi. Akaurusha mkekani. Mkuki ukazama wote.

Akaruka juu ya watu, akakimbia. Mnakumbuka nilisema nini juu ya mbio zake? Hakuna wa kumfikia. Akafika mtoni, akavushwa kwa mtumbwi, akamwambia mwenye mtumbwi asimvushe mtu wa Nkongolo hata mmoja. Akaenda kwa baba yake, Mbidi Kiluwe. Akarudi na jeshi. Nkongolo akakimbilia milimani, na huko akakamatwa na kuuawa. Kalala akatawala, na wafalme wa Waluba waliofuata huhesabu asili yao kwake.

Waswahili wana methali kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nkongolo hakuanguka kwenye shimo lake, miguu yake haikuligusa. Lakini aliyekuwa akimletea ushindi alivuka mto, na kuanzia siku ile Nkongolo hakuwa tena na mtu wa kumletea ushindi. Mimi hilo naliona zito kuliko vyuma vya shimoni.

"Mjomba, mpiga ngoma alikuwa rafiki wa Kalala?"

Nilitaka aulize hilo! Nilimkatia kipande cha muhogo kikubwa zaidi kwa sababu ya swali hilo. Katika njia yangu sisemi kwamba alikuwa rafiki yake. Alikuwa mtu wa Nkongolo. Siku ile watu hawakuja kumtazama yeye, walikuja kumtazama Kalala akicheza. Jasho lilikuwa la mpiga ngoma, sifa zilikuwa za Kalala. Kama kuna mtu uani mle aliyekuwa na sababu ya kunyamaza, ni yeye. Hakunyamaza. Mikononi alikuwa na ngoma, basi akaipiga.

Nami niwaambie jambo langu, wapwa zangu, kwa sababu si haki kumwambia mtoto afunue sahani yake huku mjomba amefunika sufuria nzima.

Nilikuwa na rafiki nilipokuwa kijana. Tulitafuta kazi pamoja. Yeye akapata, kazi ya reli, mimi sikupata. Siku ya kuondoka kwake kwenda Lubumbashi, mtaa mzima ulimsindikiza kwenye treni. Mimi nilibaki ndani, nikajifunika blanketi, nikatuma neno kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria. Nililala pale nikasikia honi ya treni. Mtu wa Kamina anaijua honi hiyo tangu tumboni mwa mama yake, mji huu umekaa pale njia za reli zinapogawanyika, moja kwenda Ilebo, moja kwenda Kabalo. Lakini siku ile honi ilipita katikati ya kifua changu. Miaka ikapita kabla hatujaonana tena. Tulipoonana, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Ile malaria ilipona?" Aliuliza kwa moyo safi.

"Ukamwambia?" akauliza mpwa wangu.

"Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nilikutafuta dirishani mpaka treni ikapinda.'"

Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda. Jirani akaja kuepua maharagi yake. Giza likaingia, baridi ya kiangazi ikaanza kushuka, ile ya mwezi wa saba inayofanya kila mtu apende mbabula. Kisha kichwa kikainama tena upande.

"Lakini wa pili kazi yake nini?"

Nikakumbuka kwaya. Mwaka 1953 padri mmoja Mbelgiji, Guido Haazen, alifika hapa Kamina, akaunda shuleni kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka tisa hadi 14, pamoja na walimu 15. Waliimba kwa ngoma na kayamba. Kwao ilitoka misa ya Kilatini yenye mapigo ya huku kwetu, Missa Luba, na mwaka 1958 wakaimba Brussels, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Watoto wa Kamina! Mpaka leo watu wa nchi nyingi huisikiliza. Sauti inayotangulia ni ya mwalimu, Joachim Ngoi. Ukiisikia inapanda peke yake, mwili unasisimka. Lakini sikiliza vizuri. Anapofika mwisho wa mstari anaachia, na wale wote wanamjibu pamoja, na sauti inapokewa kabla haijaanguka. Mwondoe mjibu mmoja, halafu mwingine, halafu wote. Itabaki sauti nzuri ya mtu anayeita uani na nyumba haina mtu. Sikumwambia zaidi ya hapo. Aliyafikiria mwenyewe huku akitafuna.

Na wewe uliyemwagiwa poda, najua unasoma hapa. Furahi. Usiifute kwa aibu, uliifanyia kazi. Ila ukitembea njiani ukiwa mweupe hivyo, mara mojamoja geuka. Yupo mtu nyuma yako ambaye jana alikuwa begani pako. Usimhurumie, hapendi huruma. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita kila asubuhi.

Asubuhi yake nilimwona mpwa wangu akipita mbele ya mlango wangu upesi, ameficha kitu chini ya shati. Mama yake alikuwa akiuliza ndani, "Nani amechukua kopo langu la poda?" Mimi nikanyamaza. Sikuona vema kusema.

Alirudi jua likiwa juu ya miembe. Nikamuuliza walisema nini yeye na rafiki yake. Akasema hawakusema kitu, walicheka tu. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwiko. Kichwa chake pia kilikuwa cheupe, na masikio, na kope zote mbili.